Kubadili Fani Ukiwa Bado Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mwajiriwa wa Tanzania Bara ambaye anataka kuhama fani na hajajua aelekee wapi. Viwango vya kodi, notisi na mifuko ya hifadhi ya jamii vilivyotajwa ni vya Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira na mfuko wake, ZSSF, kwa hiyo aliyeko Unguja au Pemba achukue hoja na aachane na tarakimu. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Kabla hujaamua chochote

1. Nitajuaje kama nimechoka na fani yangu au nimechoka na ofisi tu?

Andika. Kwa siku 20 za kazi, kila jioni weka mistari miwili kwenye daftari: kilichokuchosha leo, na kilichofanya saa ziende bila wewe kuangalia simu. Siku zikiisha, pitia kila mstari na uweke alama. "O" ni mambo ya ofisi: bosi, mshahara kuchelewa, majungu, foleni ya asubuhi na jioni. "K" ni kazi yenyewe: kufunga mahesabu, kusahihisha madaftari, kumsikiliza mteja anayelalamika.

O zikijaa, unahitaji mwajiri mwingine, na hilo ni jambo rahisi zaidi kuliko kubadili fani. K zikijaa, endelea kusoma. Ila chagua vizuri siku zenyewe. Mhasibu akifanya zoezi hili wakati wa kufunga mwaka wa fedha, au mwalimu akilifanya msimu wa mitihani ya NECTA, kila kitu kitaonekana kibaya.

2. Navutiwa na mambo matano kwa mpigo. Nianzie wapi?

Usianze kwa kujiuliza unapenda nini zaidi, maana jibu hubadilika kila wiki. Pitisha kila wazo kwenye maswali matatu. Kuna watu wanaolipwa kwa kazi hiyo katika mji unaoishi, au itabidi uhame? Unaweza kuijaribu ndani ya mwezi mmoja bila kuacha kazi? Na ile sehemu yake inayochosha, kwa sababu kila kazi inayo, unaweza kuivumilia kwa miaka?

Kisha kusanya matangazo 30 ya kazi ya fani hiyo, hata ambayo muda wake umepita. Pigia mstari kila sifa inayojirudia. Gawa sifa hizo mafungu matatu: ninazo, naweza kuzipata ndani ya miezi sita, siwezi kuzipata bila kurudi chuo. Wazo ambalo sifa zake nyingi ziko fungu la tatu si baya, ila ni la gharama kubwa, na gharama hiyo uijue mapema. Bakiza mawili. Matatu ni mengi kwa mtu mwenye kazi ya kutwa.

3. Je, nikihama ni lazima nianze chini kabisa?

Si lazima, kama hutabadili vyote viwili kwa mara moja. Kila ajira ina sekta na ina jukumu. Mhasibu wa hoteli anayetaka kusimamia miradi ya umeme wa jua akiruka moja kwa moja, anafika mahali ambapo hajui sekta wala jukumu, na atalipwa kama anayejifunza. Akihamia kwanza kampuni ya sola akiwa mhasibu yuleyule, mshahara wake haushuki sana. Baada ya mwaka anajua bei za vifaa, wasambazaji, wateja wanaochelewesha malipo na miradi iliyokula hasara. Hapo ndipo anaomba kuhamia upande wa miradi, tena kwa watu wanaomfahamu.

Njia hii ni ndefu kwa kalenda lakini ni nafuu kwa mfuko, na watu wengi hawaifikirii kabisa kwa sababu hatua ya kwanza haionekani kama mabadiliko.

4. Wanasema "fuata ndoto yako". Mnaonaje?

Ifuate Jumamosi kwanza.

## Kujaribu kabla ya kuruka

5. Jaribio dogo linakuwaje hasa?

Jaribio la kweli lina vitu vitatu: mtu mwingine anayeisubiri kazi yako, tarehe ya kuikabidhi, na malipo au hukumu kutoka kwa mtu asiye ndugu wala rafiki. Kozi ya mtandaoni haina hata kimoja kati ya hivyo. Kozi inakufundisha, lakini haikuonyeshi kama utaiweza kazi.

Tuchukue karani wa benki anayewaza kuwa fundi sola. Amtafute fundi mwenye leseni, amwombe afuatane naye Jumamosi nne, akibeba paneli na kushika ngazi. Mfukoni awe na daftari la kuandika saa zinavyokwenda: ngapi juu ya paa, ngapi dukani kutafuta nyaya, ngapi kumsubiri mteja aliyesema "niko njiani", ngapi kurudi kwa mteja wa zamani anayelalamika. Ataona kuwa kufunga paneli ni sehemu ndogo ya siku. Kazi kubwa ni maelezo. Mteja ana betri ya asidi ya 12V yenye 100Ah. Ukizidisha unapata Wh (wati-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa) 1,200, na betri ya aina hiyo ikitakiwa idumu usiitoe zaidi ya nusu, yaani Wh 600. Yeye anataka iendeshe friji, televisheni na taa usiku kucha. Friji peke yake inaweza kula hizo 600 na zaidi kwa siku. Kumweleza hivyo bila kumkasirisha na bila kupoteza oda, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Asiyeifurahia sehemu hiyo amejua mapema, na imemgharimu Jumamosi nne tu.

Anayetaka uchambuzi wa data achukue daftari la mauzo la duka la jirani, aliingize kwenye kompyuta, amwonyeshe mwenye duka bidhaa gani inakaa rafuni bila kutoka, kisha aone kama mwenye duka anabadilisha oda yake. Asipobadilisha, ripoti haikumsaidia, hata kama chati zilipendeza. Anayetaka kupika kwa biashara auze sahani 20 kwa Jumamosi mbili na ahesabu kila kitu: mkaa, vifungashio, bodaboda, na sahani zilizobaki. Wengi husahau mkaa, na wote husahau mshahara wao wenyewe.

6. Niongee na nani, na nimuulize nini?

Tafuta watu watatu: mmoja aliyeingia fani hiyo ndani ya miaka miwili iliyopita, mmoja aliyekaa muda mrefu, na mmoja aliyeiacha. Wa tatu ndiye muhimu kuliko wote na ndiye asiyetafutwa. Usiulize "kazi inalipa?" Uliza: wiki iliyopita ulifanya nini tangu Jumatatu? Mara ya mwisho kukosa malipo ilikuwaje? Ungekuwa unaajiri, ungemkataa mtu kama mimi kwa sababu gani?

Omba dakika 20, fika kwa wakati, usiombe kazi siku hiyo. Mtu akijua hukuja kuomba kazi, husema ukweli zaidi, na mara nyingi ndiye atakayekukumbuka nafasi ikitokea.

7. Mwajiri wangu ataruhusu kazi ya pembeni?

Soma mkataba wako na kanuni za utumishi za kampuni kabla ya kuuliza mtu yeyote. Mikataba mingi inakataza kazi inayogongana na maslahi ya mwajiri, mingine inataka kibali cha maandishi kwa kazi yoyote ya malipo. Kama kibali kinatakiwa, kiombe. Barua fupi ni salama kuliko kugunduliwa.

Hata pasipo na katazo, usitumie kompyuta, muda, bando wala orodha ya wateja wa ofisi. Hayo ndiyo hugeuza jaribio kuwa kosa la nidhamu, na anayeachishwa kwa utovu wa nidhamu hupoteza kiinua mgongo (tazama swali la 16).

8. Nimejaribu, na bado sijui. Niendelee hadi lini?

Weka tarehe kabla ya kuanza, siyo baada. Andika pia alama utakazoziangalia. Kwa mfano: "Hadi tarehe 30 Juni, wateja wawili wasionijua wawe wamenilipa, na mmoja awe amerudi." Tarehe ikifika na alama hazipo, funga wazo hilo na ulihamie la pili kwenye orodha yako. Zikiwepo, nenda kwenye maswali ya fedha. Majaribio yasiyo na tarehe hugeuka kuwa kazi ya pili isiyolipa.

Ikiwa matokeo ni ya katikati, angalia kitu kimoja: wiki ulizokuwa umechoka sana, ulilifanya au ulilikwepa? Hilo linaeleza mengi kuliko hesabu.

## Fedha

9. Niwe na akiba ya miezi mingapi?

Swali la "miezi mingapi" linapotosha, kwa sababu matumizi yetu hayaji kwa mwezi. Kodi ya nyumba wengi wanalipa miezi sita kwa mkupuo, na ada huja kwa muhula. Mfano: matumizi ya kawaida ni 550,000 kwa mwezi, kodi 1,200,000 kila Januari na Julai, ada 900,000 miezi hiyohiyo. Kwa wastani wa mwaka ni 900,000 kwa mwezi. Mwenye akiba ya 3,500,000 atagawa na kusema ana karibu miezi minne.

Sasa aache kazi mwisho wa Desemba. Januari inakula 550,000 ya kawaida, kodi na ada: jumla 2,650,000. Anabaki na 850,000. Februari inabakiza 300,000. Machi haifiki mwisho. Miezi minne imekuwa miwili.

Kwa hiyo chora kalenda ya miezi 12, uweke kila malipo kwenye mwezi wake, pamoja na michango ya harusi na misiba, maana haitakoma kwa sababu umeacha kazi. Kisha hamisha tarehe ya kuondoka huku na huku uone ipi inakuachia muda mrefu. Baada ya hapo ongeza angalau miezi mitatu juu ya muda unaodhani utahitaji. Waajiri wengi huchelewa kutoa majibu ya usaili, na wateja huchelewa kulipa.

10. Mshahara wa kazi mpya ni mdogo. Nilinganishe vipi?

Linganisha kinachofika mkononi. Mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa 1,200,000 katika sekta binafsi unakatwa asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), yaani 120,000. Inabaki 1,080,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara), anayezidi 1,000,000 hulipa 128,000 na asilimia 30 ya kinachozidi: 128,000 jumlisha 24,000, ni 152,000. Mkononi inafika 928,000. Kama una mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo (HESLB) inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: ukiwa 1,200,000 ni 180,000, na unabaki na 748,000.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa ofa mpya. Mshahara ghafi wa 900,000 unakatwa NSSF 90,000, kodi inahesabiwa kwenye 810,000: 68,000 jumlisha asilimia 25 ya 50,000, yaani 80,500. Mkononi ni 729,500, na kwa mwenye mkopo wa HESLB ni 594,500. Tofauti iliyoonekana 300,000 kwenye barua za ajira, kwa mwenye mkopo ni 153,500. Nauli, chakula cha mchana na bima ya afya ya familia vinaweza kuimaliza au kuiongeza maradufu, kwa hiyo uliza vyote kabla ya kusaini.

11. Nikijiajiri, nitoze kiasi gani kwa siku?

Usigawe mshahara wako wa zamani kwa siku 22. Anayejiajiri hauzi siku zote. Nyingine zinaliwa na kutafuta wateja, kuandika makadirio na kudai. Ukianza, siku 12 za kulipwa kwa mwezi ni matarajio mazuri.

Kwa mfano wa swali la 10: 928,000 unazozihitaji, jumlisha 240,000 za uzeeni ambazo zamani wewe na mwajiri mlichangia nusu kwa nusu, jumlisha 150,000 za bando, usafiri na vifaa. Ni 1,318,000. Gawa kwa 12: takribani 110,000 kwa siku, kabla ya kodi. Kama soko halilipi hivyo, aidha unahitaji siku nyingi zaidi au huduma nyingine. TIN (namba ya mlipakodi) inatolewa bure na TRA, na jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao. Fanya yote mawili mapema, kwani kampuni nyingi hazimlipi asiye na TIN.

12. Nina mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara. Naweza kuondoka?

Unaweza, lakini deni linaondoka na wewe, na mara nyingi benki inaangalia malipo yako ya mwisho kwanza. Kabla ya barua ya kuacha kazi, nenda tawini uombe taarifa ya salio na uulize marejesho yatalipwa vipi mshahara ukikoma. Angalia na SACCOS: kama uliwadhamini wenzako, akiba yako inaweza kushikiliwa hadi wamalize.

Deni la HESLB nalo halifutiki. Makato yanakoma kwa sababu mwajiri hayupo, lakini wajibu wa kulipa uko palepale na utarejesha mwenyewe. Huo ni mstari wa matumizi wa kuweka kwenye kalenda ya swali la 9.

## Masomo na vyeti

13. Nisome shahada ya uzamili kwanza, halafu nihame?

Mara nyingi hapana. Uzamili ni namna ya heshima ya kuahirisha uamuzi: familia inafurahi, ofisini wanakupongeza, na miaka miwili inapita bila kujua kama kazi yenyewe unaiweza. Soma pale ambapo matangazo 30 ya swali la 2 yanaitaja shahada hiyo kama sharti, au fani ina bodi inayokulazimisha.

Ukiamua kusoma ukiwa kazini, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na vyuo vingine vina madarasa ya jioni. Hakikisha programu inatambuliwa na TCU (tume ya vyuo vikuu) au NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kabla ya kulipa senti.

14. Nina ujuzi wa miaka mingi lakini sina cheti. Nifanyeje?

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, kwa fani kama useremala, uashi, upishi, ushonaji na ufundi magari. Unapimwa kwa vitendo, unaonyeshwa mapungufu, na ukifaulu unapewa cheti cha ngazi unayostahili. Nenda na ushahidi: picha za kazi, barua za wateja, jina la gereji au karakana uliyofanyia kazi. Kinachowaangusha wengi si mikono, ni majina ya vifaa, vipimo na usalama kazini, kwa hiyo pitia hayo kabla ya siku ya kupimwa.

15. Ni fani zipi siwezi kuingia kwa kujaribu tu?

Zile zenye leseni au usajili. Ufungaji wa umeme unahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Wahandisi husajiliwa na bodi yao, ERB, wahasibu na wakaguzi wa hesabu na yao, NBAA, na uwakili una Shule ya Sheria baada ya shahada. Katika fani hizi jaribio lako linafanyika chini ya mwenye leseni, kama karani wa swali la 5, siyo kwa kupokea wateja kwa jina lako.

## Kuacha kazi kwa utaratibu

16. Notisi ni siku ngapi, na nitalipwa nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au siku 7 kama bado uko ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi ilimradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Notisi iwe ya maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukikataa kufanya kazi kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata fedha za siku hizo kwenye stahili zako.

Siku ya mwisho dai mshahara wa siku ulizofanya, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na cheti cha utumishi. Cheti hicho watu hukiacha, kisha miaka mitatu baadaye wanakitafuta kwa kampuni iliyokwisha fungwa. Kiinua mgongo cha kisheria, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, ni cha anayeachishwa kazi kwa sababu isiyo utovu wa nidhamu. Anayeacha mwenyewe hakidai, isipokuwa mkataba wake unasema hivyo.

Angalia pia kama mwajiri alikusomesha. Mikataba ya kutumikia baada ya masomo huwa na kipengele cha kurejesha gharama.

17. Naweza kutoa fedha zangu zote NSSF ili nianzie biashara?

Usipange mtaji juu ya fedha hizo. Fao la kujitoa lilikwisha ondolewa. Lililopo ni fao la kukosa ajira, na hilo ni la aliyepoteza kazi, siyo aliyeandika barua ya kuacha (tazama swali la 19).

Kwa upande mwingine, usiache michango ikatike bila kufikiri. Pensheni inahitaji miezi 180 ya kuchangia. Mtu mwenye miezi 150 akijiajiri na kuacha kuchangia, amebakiza miezi 30 tu kuipata pensheni ya kila mwezi, na mfuko unapokea wachangiaji waliojiajiri. Chukua taarifa ya michango yako kabla ya kuondoka na uhakiki kila mwezi. Mwajiri aliyekata bila kuwasilisha ni rahisi kumbana ukiwa bado uko ndani.

18. Nimetoa notisi, bosi ameniongezea mshahara. Nibaki?

Rudi kwenye daftari la swali la 1. Kama K zilikuwa nyingi, nyongeza haijagusa kilichokusukuma uondoke. Kama malipo ndiyo yalikuwa shida, basi ofa hiyo ni halali kuifikiria, lakini iwe kwa barua, yenye kiasi na tarehe ya kuanza. Na ofa ya upande wa pili vilevile: usitoe notisi kwa ahadi ya simu. Subiri barua ya ajira iliyosainiwa, yenye mshahara, tarehe ya kuripoti na muda wa majaribio.

## Hali za pekee

19. Sikuamua, nimepunguzwa kazi. Majibu haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa mpangilio tofauti: fedha kwanza, fani baadaye. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa hiyo usikae ukisubiri hasira ziishe. Dai kiinua mgongo, notisi na likizo. Nenda NSSF na barua ya kuachishwa: aliyechangia angalau miezi 18 anaweza kulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita.

Kisha chukua kazi yoyote ya halali inayolipa kodi ya nyumba, hata kwenye fani unayoikimbia. Uamuzi mkubwa unaofanywa mwenye nyumba akigonga mlango huwa mbaya.

20. Mimi ni mtumishi wa umma na nimesomea kada nyingine. Naomba tu kwenye Ajira Portal?

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yenye tovuti ya maombi ya Ajira Portal, huwa yanalieleza hili na watu hulipitia haraka. Mtumishi aliyepata sifa za kuingia kada tofauti anapitisha barua ya maombi kwa mwajiri wake. Aliyeko kwenye nafasi ya kuingilia haruhusiwi kuomba nafasi nyingine ya kuingilia, kwa mujibu wa waraka wa Novemba 2010. Mara nyingi njia fupi ni kuomba kubadilishiwa kada na mwajiri wako mwenyewe. Zungumza na afisa utumishi kabla ya kwenda masomoni, ili ujue kama ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, ina nafasi utakaporudi. Vinginevyo unarudi na cheti kipya kwenye meza ya zamani. Ukihamia sekta binafsi, ulizia PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, utaratibu wa kujumlisha vipindi vya kuchangia.

21. Nimefikisha miaka 47. Nimechelewa?

Kwa ajira mpya serikalini, ndiyo: matangazo yanataka umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko kazini serikalini. Kwa sekta binafsi na kujiajiri hakuna ukomo wa namna hiyo, ila hesabu inabadilika. Una miaka 13 hadi umri wa kustaafu wa lazima, 60, kwa hiyo masomo ya miaka minne ni karibu theluthi ya muda uliobaki. Katika umri huu njia ya swali la 3 inafaa zaidi: badili sekta au jukumu, siyo vyote.

22. Mwenzangu hataki niache kazi.

Mwonyeshe kalenda ya swali la 9 badala ya ndoto. Mara nyingi anayekataa anaogopa mwezi fulani, siyo fani: Januari ya ada, au mwezi wa kujifungua. Mkubaliane kiwango cha akiba ambacho kikifikiwa, unatafuta ajira yoyote bila mjadala, na mkiandike. Kikao hicho kifanyike kabla ya barua ya kuacha kazi.

23. Nilihama, na sasa najuta. Nirudi nilikotoka?

Subiri upite mzunguko mmoja wa kazi mpya: muhula mzima shuleni, mwaka wa fedha kwenye hesabu, msimu mmoja kwenye kilimo au utalii. Majuto ya miezi mitatu ya kwanza mara nyingi ni ugeni. Ila kama kinachokukera ndicho kiini cha kazi yenyewe, kama kudai wateja kwa fundi, hakitapungua.

Kurudi kunawezekana ikiwa uliondoka kwa notisi na makabidhiano ya maandishi. Ukienda usaili, usiombe radhi kwa kuhama. Sema ulichokijaribu, muda wake, na kitu kimoja unachoweza kufanya sasa ambacho wenzako waliobaki hawakifanyi. Mhasibu aliyeendesha mgahawa kwa mwaka anajua chakula kinavyopotea kabla hakijaandikwa kwenye vitabu, na kuna waajiri wanaomtafuta mtu kama huyo.